Oili ya sintetiki: baridi ya Urusi na vumbi la Garissa

Samahani kwa kimya cha wiki tatu. Nilikuwa nyumbani Garissa, na mara hii sitaandika juu ya programu wala tarakilishi. Nitaandika juu ya oili ya gari. Najua wengine mtasema huyu kijana amepotea njia, lakini nisomeni hadi mwisho, kwa sababu mwisho wake ni hesabu, na hesabu ndiyo kazi yetu hapa.

Kisa ni hiki. Abti wangu (sisi Wasomali mjomba tunamwita abti, naye pia akikuita anakuita abti) ana magari mawili. La kwanza ni pikapu ya Land Cruiser ya zamani, yenye ile injini ya dizeli ya silinda sita isiyo na turbo, ambayo mafundi wa Garissa wanaweza kuifungua macho yakiwa yamefungwa. La pili ni gari la abiria la dizeli lenye turbo, mtumba kutoka Japani, alilolinunua baada ya kuuza ngamia na kukopa kwa jamaa. Gari hilo ndilo lililokuwa linalipa karo ya binamu zangu watatu. Halikumaliza hata miezi minane kwenye barabara ya Dadaab. Turbo ilianza kupiga mluzi, kisha moshi wa buluu, kisha ikafa kabisa kilomita arobaini kutoka mjini, abiria wamejaa.

Fundi alipoifungua akatikisa kichwa. "Mzee, gari kama hili lataka sintetiki. Wewe umelipa oili ya lori." Muuza duka la vipuri naye akaunga mkono, na bila shaka galoni ya sintetiki aliyokuwa nayo rafuni iligharimu mara mbili ya ile ya kawaida. Abti akanipigia simu jioni hiyo: "Abti, wewe umesoma chuo kikuu. Niambie ukweli. Hii oili ya bei ghali ina kitu ndani yake, ama ni jina tu?"

Nilitaka kumjibu palepale, nikagundua sijui. Nilisomea kompyuta, sikusomea injini. Lakini kuna tabia moja niliyoipata kazini. Ukikuta kipande cha programu kilichoandikwa kwa njia ya ajabu, usikifute wala usikisifu kabla hujajua kiliandikwa kutatua tatizo gani. Ukishajua tatizo, utajua kama wewe pia unalo. Kwa hiyo nikaamua kufanya hivyohivyo: nitafute oili ya sintetiki ilizaliwa wapi, na kwa sababu ya tatizo la nani.

(Kwa wasomaji wa nje ya Kenya: nikisema "oili" namaanisha ile ya kulainisha injini. Tukisema "mafuta" tunamaanisha petroli au dizeli.)

Kabla ya sintetiki

Zamani mashine zililainishwa kwa mafuta ya wanyama na ya mimea. Injini za mvuke zilipakwa shahamu, na shahamu ikipata joto kali inaharibika na kuacha utandu. Mwaka 1859 Edwin Drake alichimba kisima chake cha mafuta Titusville, Pennsylvania, na miaka saba baadaye, 1866, daktari mmoja Mmarekani aitwaye John Ellis akaanza kutengeneza oili ya kulainishia mashine kutoka kwa mafuta ghafi ya ardhini. Jina la Valvoline, ambalo bado mnaliona kwenye maduka ya vipuri, lilitokana na biashara yake hiyo.

Mimea nayo haikuondoka mara moja. Charles Wakefield alifungua kampuni yake London mwaka 1899, na muongo uliofuata akaanza kuchanganya oili yake na mafuta ya mbarika, ile mbarika inayoota yenyewe kando ya mito na majalala yetu. Kwa Kiingereza mbarika ni "castor", na hapo ndipo lilipotoka jina Castrol. Injini nyingi za ndege katika Vita vya Kwanza vya Dunia zilikunywa mafuta hayohayo. Kumbukeni jambo hili, kwa sababu mafuta ya mbarika kikemia ni esta, na esta zitarudi baadaye kwenye hadithi yetu.

Sasa sintetiki. Oili ya kawaida hupatikana kwa kuchuja na kusafisha mafuta ghafi. Ndani yake mna molekuli za kila aina, ndefu na fupi, nyingine za nta, nyingine zenye salfa, kama mbuzi wa zizi moja walionunuliwa kwenye masoko kumi. Sintetiki halisi haichujwi, inajengwa. Mkemia anachukua molekuli ndogo zinazojulikana na kuziunganisha hadi apate kitu ambacho kila molekuli inafanana na mwenzake. Mnamo 1877 Charles Friedel na James Crafts walionyesha njia ya kuunganisha haidrokaboni kwa kutumia kloridi ya alumini. Mwaka 1929 kampuni ya Standard Oil ya Indiana ilijaribu kuziuza oili za namna hiyo, na F. W. Sullivan na wenzake wakachapisha utafiti wao mwaka 1931. Je, watu walikimbilia? Hapana. Hakuna aliyezitaka. Oili ya kawaida ilitosha na ilikuwa rahisi, na bidhaa ikafa kwa kukosa wateja.

Hapo nilisimama kidogo. Yaani sintetiki ilikuwepo kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, ikiwa bora kuliko ile ya kawaida, na bado haikununuliwa. Ubora peke yake haukutosha. Palihitajika tatizo.

1941: vita viwili, barabara mbili

Tatizo lilikuja, na mwaka muhimu ni 1941. Mwaka huo magari ya kijeshi yaliteseka katika ncha mbili za dunia, na ncha moja ni kwetu.

Mwanzoni mwa mwaka ule Garissa ilikuwa kituo cha jeshi la Uingereza chini ya Jenerali Alan Cunningham, likijiandaa kuwatoa Waitaliano Somalia. Wanajeshi wa Afrika Mashariki, Afrika Magharibi na Afrika Kusini walivuka Tana na kuelekea mpakani, malori kwa malori, kwenye nchi isiyo na barabara ya maana na yenye maji haba. Kismayu ilitekwa tarehe 14 Februari, Mogadishu tarehe 25 Februari, na tarehe 6 Aprili jeshi liliingia Addis Ababa. Vita vile vilikuwa vya magari: umbali mkubwa, upesi, kwenye mchanga, katika miezi ambayo ni ya joto kali zaidi kwetu. Na injini zile zote zilikuwa na oili ya kawaida ya ardhini.

Mwezi Juni mwaka uleule Ujerumani iliivamia Urusi, na Desemba ikanaswa na baridi karibu na Moscow, nyuzi 30 chini ya sifuri na zaidi. Pale oili iliwashinda. Mnajua samli yetu, hapa Garissa ni maji mwaka mzima, lakini ichukue hadi Limuru mwezi wa Julai uone inavyoganda. Oili ya ardhini ina nta, na nta ikipata baridi hufanya hivyohivyo. Injini zilikataa kuzunguka. Askari waliwasha moto chini ya magari ili oili ilainike, au waliacha injini zikinguruma usiku kucha.

Wajerumani walikuwa wamekwisha kuanza kutafuta dawa kabla ya hapo, kwa sababu mbili: nchi yao haikuwa na visima vya kutosha, na walitaka oili isiyoganda. Hermann Zorn wa kampuni ya I.G. Farben pamoja na wenzake walitengeneza na kupima esta zaidi ya 3,500 katika miaka hiyo hadi 1944. Ng'ambo ya bahari, mwaka 1942, maabara ya utafiti ya jeshi la majini la Marekani nayo ilianza kazi ya esta chini ya W. A. Zisman. Vita vilipoisha, injini za jeti zikazikuta esta zikiwa tayari: ndege angani inapata baridi kali, na injini yake ndani ina joto la kuunguza oili ya kawaida. Kufikia miaka ya 1950 ndege za jeti zilikuwa zinatumia esta.

Na kule jangwani je? Watu walitatua vipi tatizo la joto na mchanga? Hawakubuni oili mpya. Walifunga filta. Ndege za Hurricane na Spitfire zilizopelekwa Afrika Kaskazini zilifungwa filta kubwa ya hewa ya Vokes chini ya pua, filta iliyoharibu umbo la ndege na kuipunguzia mwendo, na marubani wakaivumilia kwa sababu bila hiyo mchanga ungekula injini. Filta ya oili yenyewe ilikuwa imekwisha kubuniwa Marekani na Ernest Sweetland mwaka 1923.

Nilipofika hapa niliandika sentensi moja kwenye daftari langu, na ndiyo ninayotaka mwondoke nayo leo: baridi ndiyo iliyoleta sintetiki, vumbi ndilo lililoleta filta. Swali la abti likabadilika. Badala ya kuuliza "oili ipi ni bora?", nikauliza "Garissa tuna tatizo la nani, la Moscow au la jangwani?"

Kutoka ndegeni hadi dukani

Sintetiki iliingia kwenye magari ya raia miaka ya 1970. Al Amatuzio, rubani wa ndege za kivita za kikosi cha akiba huko Minnesota, aliona oili ya jeti inavyofanya kazi akajiuliza mbona gari lake halina. Mwaka 1972 oili yake ya AMSOIL ilitimiza viwango vya taasisi ya petroli ya Marekani, API. Minnesota, kama hamjui, ni moja ya majimbo yenye baridi kali kabisa Marekani. Mwaka 1973 nchi za Kiarabu zikaisusia Marekani mafuta, bei ikaruka, na kila kitu kilichoahidi kupunguza matumizi ya petroli kikapata masikio. Mobil 1 ilianza kuuzwa 1974, ikiwa nyepesi, ikiahidi injini kuzunguka bila kusumbuka na oili kukaa muda mrefu kabla ya kubadilishwa.

Mkitazama vizuri, ahadi zilikuwa tatu: gari litawaka kwenye baridi, utapunguza petroli kidogo, na utabadilisha oili mara chache. Ya nne, uvumilivu wa joto kali, ilikuja na ukoo wake wa ndege.

Kisha kuna suala la jina. Wataalamu hugawa oili za msingi katika makundi matano. La I na la II ni oili za ardhini, la pili likiwa limesafishwa zaidi. La IV ni haidrokaboni zilizojengwa maabarani. La V ni nyingine zote, zikiwemo esta. Kundi la III ndilo lenye vita: ni oili ya ardhini iliyopitishwa kwenye haidrojeni na joto kali mpaka molekuli zake zikavunjwa na kupangwa upya. Je, hiyo ni sintetiki? Mobil ilisema hapana, Castrol ikasema ndiyo. Mwaka 1999 baraza la kusimamia matangazo ya biashara Marekani likaamua upande wa Castrol. Tangu hapo neno "sintetiki" kwenye galoni linaweza kumaanisha kundi la III. Si udanganyifu, maana oili ya kundi la III ni nzuri sana, lakini jina hilo peke yake halikuambii umenunua nini hasa. Afadhali usome namba na viwango vilivyoandikwa nyuma.

Namba za kwenye galoni

Tuchukue 15W-40 na 5W-40. Herufi W ni ya "winter", yaani majira ya baridi. Namba iliyo mbele ya W inaeleza oili inavyofanya kazi gari likiwashwa kwenye baridi: ya 15W hupimwa katika nyuzi 20 chini ya sifuri, ya 5W katika nyuzi 30 chini ya sifuri. Namba ya nyuma, 40, inaeleza uzito wake ikiwa na joto la nyuzi 100, yaani injini ikiwa kazini. Kwa hiyo hizo mbili zikishapata joto ziko daraja moja la uzito! Tofauti inayoonekana kwenye namba iko upande wa baridi tu.

Garissa mchana joto hufika nyuzi 35 na kupita. Usiku ukisikia watu wanalalamika baridi, jua kipimo kiko nyuzi 20 na kitu. Namba ya mbele, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya historia niliyowasimulia, hapa kwetu haina kazi kubwa. Ni kama kununua jaketi la manyoya kwenda nalo Soko Mugdi.

Lakini tusikimbie kutoa hukumu. Nilitafuta majaribio, nikapata mawili ya kuaminika yanayoonekana kupingana. Mwaka 1996 jarida la Marekani la Consumer Reports lilitumia teksi 75 za New York, kila moja ikaenda maili 60,000, karibu kilomita 97,000, kisha injini zikafunguliwa na kupimwa. Hawakuona tofauti ya maana ya kulika kati ya oili za kawaida na za sintetiki. Mwaka 2017 chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilipima oili maabarani na kupata kwamba sintetiki ilishinda ya kawaida kwa wastani wa asilimia 47 katika vipimo vya uchakavu, utandu, uvukizi, baridi na joto.

Nani mkweli? Wote. Maabara ilipima oili, teksi zilipima injini. Oili inaweza kuwa bora kwa nusu nzima na injini yako isijue, kwa sababu haikufika kwenye mpaka ambapo oili ya kawaida inashindwa. Sisi waandishi wa programu tunalijua hili: unaweza kuongeza kasi ya sehemu ambayo haikuwa inachelewesha chochote. Teksi ya New York hupata moto asubuhi na haipoi hadi usiku. Pikapu ya abti iko vivyo hivyo.

Turbo ndiyo tofauti. Inazunguka makumi ya maelfu ya mara kwa dakika, inasukumwa na moshi wa moto wa injini, na beringi yake inaelea juu ya oili nyembamba. Ukizima gari ghafla baada ya mwendo mrefu, oili iliyobaki mle inapikwa hadi inakuwa masizi magumu. Hapo ndipo uvumilivu wa joto wa sintetiki unapopata kazi ya kweli. Kwa hiyo fundi wa abti hakuwa mwongo. Alikuwa na nusu ya ukweli.

Nusu nyingine ni vumbi

Mchanga wa kwarzi unakwaruza hata chuma. Chembe ndogo isiyoonekana kwa macho ikiingia kati ya pistoni na silinda inasaga, na ikiingia kwenye oili inasafiri nayo hadi kwenye beringi. Hakuna oili duniani, ya shilingi mia au ya elfu kumi, inayogeuza mchanga kuwa kitu kingine. Oili inaubeba tu mpaka uimwage. Ndiyo maana vitabu vya magari husema kwenye vumbi jingi upunguze kilomita za kubadilisha oili. Na hapo ahadi ya tatu ya sintetiki, ile ya kukaa muda mrefu, inaanguka. Oili yenyewe ingali hai, lakini imejaa mchanga, lazima itoke.

Na kwa nini tuna vumbi hivi? Hili nalo ni historia, si hali ya hewa peke yake. Wakoloni waliifanya kaskazini kuwa wilaya iliyofungwa ya mpakani, ukiingia kwa kibali. Baada ya uhuru Waraka wa Kikao Namba 10 wa 1965 ukasema fedha za maendeleo ziwekwe pale zitakapozaa haraka, yaani kwenye ardhi yenye mvua, reli na barabara tayari. Sisi hatukuwa na kimojawapo. Katiba ya 2010 ilianzisha Hazina ya Usawazishaji kwa maeneo yaliyoachwa nyuma, serikali za kaunti zikaanza 2013, na mwaka 2020 Benki ya Dunia iliidhinisha fedha za barabara ya Isiolo, Wajir hadi Mandera. Lakini miongo yote ile mtu wa Nairobi alibadilisha oili kwa kitabu, mtu wa Garissa akaibadilisha kwa vumbi. Tofauti hiyo ni kodi ambayo haikuandikwa kwenye bajeti yoyote, na abti ameilipa tangu mimi sijazaliwa.

Kitu kimoja kimekuwa rahisi zaidi. Dizeli ya zamani ilikuwa na salfa nyingi, ambayo ikiungua hutengeneza asidi inayomaliza nguvu ya oili mapema. Tangu 2015 Kenya na majirani zake wa Afrika Mashariki wamehamia kwenye dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni.

Hesabu yenyewe

Tuchukue bei za mfano ili hesabu iwe nyepesi: oili ya kawaida shilingi 500 kwa lita, sintetiki 1,000. Nyinyi wekeni bei za dukani kwenu.

Pikapu inakula karibu lita 10. Ikibadilishwa kila kilomita 5,000, oili ya kawaida ni shilingi 1 kwa kilomita na sintetiki ni shilingi 2. Ili zilingane, sintetiki ikae kilomita 10,000, na tumeona vumbi halitaki. Kwa kilomita 30,000 za mwaka tofauti ni shilingi 30,000. Injini ile haina turbo na haijui baridi. Shilingi 30,000 hizo zinunulie filta za hewa na za oili, na bado utabakiwa na chenji.

Gari la turbo, tuseme lita 7. Kwa kilomita hizohizo 30,000 na mabadilisho sita, tofauti ni shilingi 21,000 kwa mwaka. Turbo ya mtumba aliyonunua abti ilimgharimu zaidi ya mara tatu ya hiyo, bila kuhesabu siku ishirini na mbili ambazo gari lililala na karo ikasubiri. Hapa sintetiki inajilipa ikiokoa turbo moja tu katika miaka mitatu.

Nikampelekea abti hesabu hiyo mwenyewe. Akaisoma, akanyamaza, kisha akasema: "Sawa. Lakini je, oili ndiyo iliyoua turbo yangu?"

Swali zuri kuliko yangu yote. Tukaenda gereji, turbo kuukuu ilikuwa bado kwenye kona. Nikamwomba fundi atuonyeshe mapanga ya upande wa hewa safi. Yalikuwa yamelika kwenye ncha, yamemomonyoka kama mswaki wa zamani. Upande huo haupitishi oili, unapitisha hewa. Tukafuata bomba la mpira linalotoka kwenye filta ya hewa, na chini yake, mahali pasipoonekana, lilikuwa limepasuka na kufungwa kwa gundi ya karatasi. Gundi ilikuwa imeachia. Kwa miezi sijui mingapi gari lilikuwa likivuta hewa ya barabara ya Dadaab moja kwa moja, filta ikiwa imekaa pale kama mlinzi ambaye mlango wa nyuma uko wazi.

Fundi hakusema kitu. Abti naye hakumlaumu. Alisema tu, "Kumbe," akaulizia bei ya bomba jipya.

Sisemi oili haikuhusika hata kidogo. Turbo moja si utafiti, na huenda joto nalo lilichangia. Ninachosema ni kwamba galoni ya sintetiki isingeziba ule ufa.

Tulichoamua

Pikapu inaendelea na 15W-40 ya kawaida, ya dizeli, kutoka kwa muuzaji anayejulikana, maana oili bandia ni hatari kuliko tofauti zote nilizoandika hapa. Inabadilishwa kila kilomita 5,000 pamoja na filta yake. Gari la turbo linatumia sintetiki yenye kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu chake, nayo inabadilishwa kila kilomita 5,000 bila kujali galoni inaahidi nini. Kabla ya kuzima, dereva anaacha injini izunguke dakika mbili turbo ipoe; hiyo ni bure. Na kila Ijumaa baada ya swala anafungua sanduku la filta ya hewa, anapitisha kidole ndani ya bomba. Kidole kikitoka na vumbi, gari haliendi Dadaab mpaka ufa upatikane.

Kwa nyinyi mnaoniuliza mara kwa mara kama ninunue kompyuta ya bei kubwa au ya kawaida: jibu ni lilelile. Uliza kwanza ilitengenezwa kwa ajili ya shida ya nani.

Gari la abti limerudi barabarani, na binamu zangu wamerudi shule wiki mbili baada ya wenzao. Wiki ijayo, inshallah, tunarudi kwenye hifadhidata. Kaeni salama.